Koo linauma: niende hospitali leo, nisubiri, au ninunue tu dawa? Maswali mnayouliza kila siku

Mimi ni nesi, nakaa chumba cha wagonjwa wa nje kwenye kituo cha afya hapa Tanzania, na kibaridi cha mwezi wa sita kikianza tu foleni inajaa watu wanaoshika shingo. Kuna makundi mawili yananiumiza roho. La kwanza ni mtu mzima ana mafua yake ya kawaida kabisa ila kabla hajafika kwangu ameshameza antibiotiki tatu tofauti. La pili ni mtoto wa darasa la tatu ambaye alitakiwa aletwe siku ya pili lakini analetwa mwezi baadae akiwa anahema. Nimeyaandika maswali vile vile mnavyoniuliza na majibu vile ninavyojibu nikiwa na muda, manake mkiwa kwenye foleni muda huo sina.

Koo limeanza kuuma jana, niende hospitali?

Kama wewe ni mtu mzima huna ugonjwa mwingine, unameza maji na chakula laini, unapumua vizuri, na koo limekuja pamoja na mafua, kikohozi, sauti kukauka, macho kuwasha, basi tulia nyumbani. Hiyo karibu kila mara ni virusi, inakaa siku 3 mpaka wiki moja inaondoka yenyewe, na hakuna sindano wala kidonge cha kuifukuza. Ukiona siku ya 4 au ya 5 inazidi badala ya kupungua, au homa imeshuka halafu ikarudi kwa nguvu, au wiki imeisha na bado, hapo njoo.

Kwa mtoto hesabu ni nyingine, soma huko chini. Na mtoto mchanga wa chini ya miezi 3 akiwa na homa ya aina yoyote usihesabu siku, mlete saa hiyo hiyo.

Dalili gani nikiziona nisisubiri hata kukuche?

Hizi naomba mzishike kichwani jamani. Anapumua kwa shida, kifua kinabonyea ndani akivuta hewa, au kuna sauti kama mluzi au kukoroma wakati yuko macho. Mate yanamchuruzika kwa sababu hawezi kuyameza. Mdomo haufunguki, vidole viwili haviingii kati ya meno. Anaongea kama mtu aliyejaza ugali mdomoni. Shingo imevimba au imekakamaa. Uso, midomo au ulimi umevimba ghafla baada ya kula kitu au kumeza dawa. Mtoto amelegea, hataki kunyonya wala kunywa, amepata degedege, au hajakojoa tangu asubuhi mpaka jioni. Yoyote kati ya hizo ni usiku huo huo, kwa bajaji, kwa gari la jirani, kwa chochote, na ukiweza nenda moja kwa moja hospitali, manake zahanati ndogo inaweza isiwe na oksijeni wala mtu wa kufungua njia ya hewa.

Na ukiwa njiani usimlaze chali kwa nguvu, muache akae vile anavyoona anapumua vizuri, mara nyingi atataka kukaa ameinama mbele. Usimuingizie kijiko wala kidole mdomoni ati umulike uone. Koo lililovimba sana linaweza kuziba pale pale ukilichokoa.

Mwanangu ana miaka 8, koo limeanza ghafla, homa kali, lakini hana mafua wala kikohozi. Nisubiri?

Hapana mama, huyu usisubiri, na hapa ndo sababu ya mimi kuandika yote haya.

Koo la virusi huwa linakuja na ndugu zake, yaani mafua, chafya, kikohozi, sauti. Koo la bakteria anayeitwa streptokokasi kundi A linapenda kuja peke yake na kwa kishindo: asubuhi mtoto mzima, jioni anachemka, kumeza kunauma, anaweza kulalamika kichwa au tumbo na kutapika, ukimshika chini ya taya unakuta vitezi vimevimba na vinauma, ukimmulika tonsi nyekundu au zina madoa meupe. Anayeshikwa zaidi ni mtoto wa umri wa shule, kuanzia miaka 5 mpaka 15. Kati ya watoto 10 wenye koo kuuma, wenye huyu bakteria ni kama 2 au 3 hivi, kwahiyo sio wengi, ila hao wachache ndo tunaowatafuta.

Kwahiyo sheria yangu kwa mzazi ni nyepesi: umri wa shule, homa, koo, hamna kikohozi, mlete ndani ya siku moja au mbili. Ukiwa umechelewa pia mlete, usiseme basi tena, kwa sababu dawa ikianza hata siku ya 9 tangu koo lianze bado inaweza kuuokoa moyo.

Moyo? Koo na moyo wapi na wapi?

Mwili ukipigana na huyo bakteria unatengeneza askari wa kinga, sasa kwa baadhi ya watoto hao askari wanachanganya, wanaanza kushambulia mwili wenyewe, maungio na milango ya moyo, zile valvu. Hiyo inaitwa homa ya rumatiki, na inakuja kimya kimya wiki 2 au 3 baadae, wakati koo lilishapona na mlishasahau. Ikijirudia mara kadhaa valvu zinakuwa na makovu, nyingine hazifunguki vizuri nyingine zinavuja, na huo sasa ndo ugonjwa wa moyo wa kudumu. Hauambukizwi na haukurogwa, umeanzia kwenye koo.

Ugonjwa huu nchi tajiri umebaki kwa watu wachache sana, kwetu bado upo. Mwaka 2018 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha azimio kabisa kuhusu homa ya rumatiki na moyo, kwa sababu ni ugonjwa unaozuilika kwa penisilini, dawa ya bei ndogo mno, na bado unaua vijana. Dar es Salaam pale Muhimbili kuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, JKCI, wanatibu na kufanya upasuaji wa valvu, zamani wengi walikuwa wanapelekwa India. Lakini valvu ya kuwekewa sio mwisho wa safari, ya chuma inataka dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yote na kupima damu mara kwa mara, sasa fikiria mtu anakaa kijijini saa 5 kutoka maabara ya karibu.

Nimewahi kumpokea binti mjamzito wa miezi 6, anahema akitembea hatua kumi, usiku analala amekaa. Nyumbani walikuwa wanasema ni mimba tu imemlemea. Kumbe valvu imebana, na ujauzito unapoongeza damu mwilini ndo moyo unashindwa. Mama yake alipoulizwa vizuri akakumbuka, alivyokuwa darasa la nne koo lilikuwa linamsumbua sana, halafu magoti yakawa yanavimba, wakampaka dawa ya kuchua. Sijamlaumu yule mama hata kidogo, hakuna aliyewahi kumwambia.

Si ninunue tu azuma au amoksilini duka la dawa niokoe muda?

Najua foleni zetu, najua nauli, na najua dukani wanakupa bila maswali. Ila sikiliza. Kama ni virusi hiyo dawa haifanyi kitu, itakuharisha tu, na wale bakteria wazuri na wabaya ulionao tumboni wanaanza kuizoea. Usugu wa dawa sio maneno ya semina, mimi namuona mgonjwa ana UTI ya kawaida na vidonge tulivyozoea vimegoma.

Na kama ni bakteria kweli, unanunua vidonge vitatu vya azuma au amoksilini nusu dozi kwa sababu hela imeishia hapo, koo linatulia, mdudu bado yupo. Kwa huyu wa streptokokasi dawa yetu namba moja bado ni penisilini au amoksilini, na inatakiwa dozi ya uzito wa mtoto na siku kamili. Azithromaisini, yaani hiyo azuma, tunaiweka kwa mwenye mzio wa penisilini. Kama mtoto aliwahi kuvimba, kutoka vipele au kushindwa kupumua baada ya penisilini, sema kabla hatujashika bomba, usione aibu kuturudia mara mbili.

Siku ya tatu ameshapona anacheza mpira, nimuachishe dawa?

Usimuachishe. Kupona kwa koo ni kitu kingine na kummaliza mdudu ni kitu kingine. Penisilini ya kunywa ni siku 10, zote. Kama unajua hutaweza kumfuatilia siku 10, labda unatoka alfajiri kwenda sokoni unarudi usiku, sema tu ukweli, kuna sindano ya benzathini penisilini ya mara moja inayofanya kazi ya hizo siku 10. Inauma, sidanganyi, na tutakuomba mkae kama nusu saa tumuangalie.

Shule anaweza kurudi baada ya kama saa 24 za dawa na homa ikiwa imeshuka.

Bibi yake anasema ni kimeo, kikatwe. Kuna ukweli?

Bibi anampenda mjukuu, hilo halina ubishi, na mtoto akikohoa wiki mbili anatapika maziwa kila mtu anatafuta sababu. Lakini kimeo, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya mdomo, kila binadamu anacho, kinasaidia chakula kisipande puani na kinasaidia kutamka. Hakisababishi kikohozi. Kikionekana kirefu au chekundu ni kwa sababu koo lote limevimba, likipona nacho kinarudi.

Tatizo la kukata ni hili. Wembe au kisu ambacho kimetoka kwa mtoto mwingine, hapo kuna VVU, kuna homa ya ini, kuna pepopunda. Kidonda kiko sehemu ambayo huwezi kukibana damu ikitoka, na mtoto anaimeza, anaivuta kwenye mapafu. Watoto wachanga wanaletwa weupe kama karatasi, damu imeisha, wengine hatuwawahi. Halafu kile kikohozi kilichofanya akatwe kinabaki pale pale, kwa sababu kilikuwa nimonia, au pumu, au TB, na zimeshapotea siku tano za kumtibu.

Kama mwanao ameshakatwa na anatoka damu, amekataa kunyonya au ana homa, mlete na useme wazi amekatwa kimeo. Hakuna atakayekupeleka polisi kwa kusema, sisi tunataka kujua tuanzie wapi. Na kama bado mnavutana nyumbani, njoo na bibi mwenyewe kliniki, mimi huwa namkalisha namuonyesha kimeo changu kwa tochi, tunaongea, wengi wanaelewa.

Tonsi zina utando mweupe, hiyo si ndo bakteria tayari?

Sio lazima. Kuna virusi vinaleta mafindofindo makubwa meupe vile vile, hasa kwa vijana wa sekondari na chuo, mtu anachoka wiki mbili tatu, vitezi vinavimba mpaka nyuma ya shingo. Huyo akipewa amoksilini anaweza kutoka vipele mwili mzima. Bandama lake linaweza kuvimba pia, ndo maana tunamwambia asicheze mpira wa kugongana kwa wiki kadhaa, na akisikia maumivu makali ubavu wa kushoto juu awahi hospitali.

Utando wa kijivu, mgumu, ukiugusa unatoa damu, na shingo imevimba, huo ni mwingine kabisa: dondakoo. Ni hatari na unaua. Kinga yake imo kwenye chanjo ile ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14, angalia kadi ya mtoto leo, kama kuna iliyorukwa nenda ukamalizie.

Upande mmoja tu ndo unauma, mpaka sikio la upande huo.

Kama ni kidogo na unakula, angalia pia jino. Ila kama kila siku unazidi, homa ipo, mdomo unakuwa mgumu kufungua na sauti imebadilika, kunaweza kuwa na jipu limejikusanya pembeni ya tonsi. Vidonge peke yake mara nyingi havitoshi, linatakiwa litolewe usaha. Leo leo.

Ana homa na koo. Nimpime malaria au nimtibu koo?

Vyote viwili. Kwetu huku mtoto mwenye homa anapimwa malaria, kile kipimo cha haraka cha kutoboa kidole, hata kama koo liko wazi jekundu. Lakini na upande wa pili pia, kipimo kikisema hana malaria msiondoke na panado tu, mwambie mtoa huduma aangalie koo na ashike shingo. Na kipimo kikisema anayo, bado koo liangaliwe. Homa na koo vikija pamoja na macho mekundu na vipele vinavyoanzia usoni, tunafikiria surua, naomba useme mapema mlangoni mtengwe na watoto wengine.

Mwiba wa samaki umekwama, nimeze tonge la ugali?

Usimeze tonge, wala ndizi, wala usichokoe na kidole. Tonge linaweza kuusukuma mwiba uchome ndani zaidi. Mara nyingi mwiba ulishapita na kilichobaki ni mkwaruzo, huo unapungua ndani ya siku moja. Ukiwa bado unachoma sehemu ile ile, unatema damu, huwezi kumeza au kifua kinauma, nenda hospitali yenye daktari wa masikio, pua na koo. Na mtoto akimeza betri ile ndogo ya duara ya rimoti au ya saa, hiyo ni dharura ya dakika, inaunguza koo la chakula ndani ya saa 2, usisubiri aitoe chooni.

Nikiwa nasubiri nyumbani nifanye nini kinachosaidia kweli?

Panado ndo rafiki. Mtu mzima vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku nzima, na angalia dawa za mafua za pakiti manake nyingi zina panado ndani, unajikuta umezidisha bila kujua. Mtoto anapewa kwa uzito, uliza. Aspirini usimpe mtoto wala kijana wa chini ya miaka 16. Maji ya uvuguvugu na chumvi nusu kijiko cha chai kwenye glasi, sukutua kooni utema, mara kadhaa kwa siku, ila sio kwa mtoto mdogo ambaye atayameza. Uji, mtori, supu, chai ya tangawizi na limao, vyote sawa. Asali inatuliza koo vizuri tu, lakini mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe hata ya kulamba.

Kujifukizia sufuria la maji yanayochemka na mtoto ndani ya shuka, hapana. Nimeona watoto wameungua kifua chote kwa ajili ya mafua.

Maji ya baridi na aiskrimu ndo vimemletea?

Hapana, kapata kwa mtu, kwa mikono, kwa kikombe kimoja cha shule, kwa kulala watano chumba kisicho na dirisha. Baridi inaweza hata kumpunguzia maumivu. Mnyime kikombe cha kushea, aiskrimu mpe.

Sio kali lakini limekaa wiki ya tatu sasa.

Koo au sauti iliyokauka zaidi ya wiki 3 inataka kuangaliwa hata kama haikuumi sana, hasa ukiwa unavuta sigara au unakunywa pombe, una uvimbe shingoni usioondoka, chakula kinakwama, unatema damu au unapungua. Wengi mtakuta ni kiungulia, asidi inapanda usiku mkiwa mmelala muda huo huo mmekula. Ikiwa kuna kikohozi cha wiki 2 na jasho la usiku, pima TB, ni bure. Madoa meupe kama maziwa yaliyoganda mdomoni yanayouma kumeza ni fangasi, tunawaona kwa wanaotumia pampu ya pumu bila kusukutua baadae, na kwa wenye VVU ambao hawajaanza dawa au wameziacha.

Nani asisubiri kabisa hata siku mbili?

Mwenye VVU, mwenye kisukari kisichotulia, aliyetolewa bandama, anayetumia dawa za saratani. Aliyewahi kuambiwa ana homa ya rumatiki au tatizo la valvu, huyo kila koo ni la hospitali, na ile sindano yake ya kila wiki 3 au 4 asiruke hata moja. Na kuna kundi linasahaulika: wanaotumia kabimazoli kwa ajili ya goita. Hiyo dawa mara chache inashusha chembe nyeupe za damu ghafla, na dalili yake ya kwanza ni koo na homa. Acha kidonge, nenda siku hiyo hiyo, dai wakupime damu.

Naona aibu kuuliza: inaweza kuwa imetokana na mapenzi?

Inaweza. Kisonono kinakaa kooni pia, kwa tendo la mdomo, mara nyingi bila dalili. Na VVU vikiingia vipya, wiki 2 mpaka 4 baadae mtu anaweza kupata homa, koo, vipele na vitezi akadhani ni mafua. Niambie tu, mlango tunafunga. Kama tukio halijapita saa 72 kuna dawa za kuzuia, njoo usiku huo huo.

Nikifika nitafanyiwa nini?

Tutapima joto, tutamulika koo, tutashika shingo, tutasikiliza kifua na moyo. Vituo vingi havina kipimo cha kupangusa koo, kwahiyo mtoa huduma anaamua kwa umri na dalili. Njoo na kadi ya mtoto na maboksi ya dawa zote alizomeza, hata za bibi. Ukiambiwa ni virusi na ukarudi na panado tu, hujapuuzwa, ila uliza siku ya kurudi kama hajapona.

Koo lilishapona kama wiki tatu zilizopita. Sasa goti linamuuma, jana lilikuwa la kulia leo la kushoto. Ni mpira tu?

Maumivu yanayohama, leo goti kesho kifundo keshokutwa kiwiko, na homa kidogo kidogo, hayo sio ya mpira. Angalia pia kama anahema akipanda ngazi, kama mikono inarukaruka yenyewe na mwandiko umeharibika ghafla, watoto wa hivi wanachapwa shule ati wanacheza. Na kama mkojo umekuwa rangi ya chai ya rangi na uso umevimba asubuhi, hapo ni figo, inatokana na mdudu huyo huyo. Mpeleke leo, usimchue. Ukifika kwa daktari anza na hili neno, usingoje akuulize: wiki tatu zilizopita alikuwa anaumwa koo.